Bafle za Nadège na Meza Yenye Uongo

Jumatatu, 14 Oktoba

Meza yangu imenisaliti. Meza ya ndoa yangu! Naipangusa kila asubuhi kabla sijanawa uso, na leo imemharibia mtoto wangu kazi.

Niende polepole, maana nikiwa na hasira mwandiko unapanda juu ya mstari.

Nadège, binti yangu wa kwanza, anatafuta kazi katika redio moja pale mjini. Si kazi ya kusema. Kazi ya kupanga sauti kwenye kompyuta. Anachukua sauti ya mtu, anaweka ngoma chini yake, anapunguza hapa, anaongeza pale, mpaka linakuwa tangazo. Ndugu yangu Zacharie, mfanyabiashara wa mtoni, alimletea bafle mbili ndogo, spika za kusikilizia, kutoka Kinshasa. Nzuri! Za mbao, kimo cha paka aliyekaa. Nadège akaziweka juu ya meza yangu, akatengeneza tangazo la kujaribiwa, akalipeleka.

Leo chef, mkubwa wa redio, Monsieur Mahmoudi, amelirudisha. Ati sauti ni nyembamba, haina tumbo. Ati ni kama nzi ndani ya chupa. Nzi! Mtoto niliyemnyonyesha mpaka akatembea!

Amempa nafasi moja tena. Mwisho ni Jumamosi jioni, basi. Na Papa Nadège, mume wangu, badala ya kumfariji akaleta la kwake: kazi ikikosekana, Nadège aende Banalia kwa shangazi yake Fanny, akamsaidie shamba na duka. Banalia! Nani atanisuka nywele? Nani ataniuliza kama nimekula? Niliosha sahani kwa nguvu.

Nadège anasema kosa ni la meza. Bafle ikiimba inatikisa mbao, na mbao nayo inaanza kuimba sauti yake ya chini, buu, buu. Yeye anadhani ngoma imezidi, anaipunguza. Kumbe ngoma ilikuwa sawa, ni meza iliyoongeza. Kule redio hakuna meza yetu, kwa hiyo ngoma haipo. Nimeelewa vizuri sana. Bafle inasema neno moja, meza inaongeza matatu.

Mtu wa namna hiyo namjua! Ni Adèle mtupu. Adèle ni jirani yetu, ukuta ni mmoja kati yetu. Mbele yake namwita Mama Chancelle kwa heshima. Hapa namwita Adèle.

Na jioni hiyo hiyo akaja, mikono kiunoni. Mama Nadège, iko nini kule kwenu, sahani zangu zinacheza ndombolo ndani ya kabati! Nikamjibu sahani zenyewe ni mbili, zitachezaje. Akasema ni seti nzima. Nikasema sijawahi kuiona seti hiyo, hata siku ya msiba. Akaondoka bila kuaga. Vizuri.

Nikafikiri. Mtoto akisumbua, unamfunga kwenye kitenge anatulia. Nikachukua kitenge changu cha sikukuu, nikakikunja, nikakiweka chini ya bafle. Nadège akapiga ngoma. Bafle ya kulia ikaanza kutembea! Polepole, ubavu ubavu, kama mlevi anayetafuta mlango. Nadège akaidaka pembeni mwa meza.

Hakunigombeza. Alisema tu nguo inateleza, Mama, tunataka kitu kizito kidogo, kinachobonyea na kurudi.

Kinachobonyea na kurudi. Nimesikia. Na ninajua mahali kilipo.

Jumanne, 15 Oktoba

Godoro.

Papa Nadège alikwenda gereji yake Kabondo. Nikachukua mkasi, nikakata vipande viwili, upande wake. Upande wangu umekwisha kuwa mwembamba na mimi nina mgongo. Yeye ana mgongo wa fundi pikipiki, hausikii kitu.

Nikaweka vipande chini ya bafle. Zikakaa vizuri, juu juu kama maaskofu. Nikamwita Nadège. Akauliza sponji imetoka wapi. Nikasema kwa Mungu. Akapiga ngoma, na bafle zikaanza kuitikia kwa kichwa, mbele, nyuma, kama wazee wa kanisa mahubiri yakiwa marefu. Ati ni laini mno. Ati bafle ikicheza yenyewe, sauti inapotea. Nikamwambia bafle zako nazo zinachagua sana, kwa kitenge hapana, kwa godoro hapana, zilizaliwa Ulaya?

Akacheka. Moyo wangu ukatulia. Tangu jana alikuwa hajacheka. Nikampa lituma, ndizi za kuponda, na samaki, akala nusu. Nusu tu! Nimeona shingo yake imekonda.

Papa Nadège akarudi, akala, akaenda kujilaza kidogo. Nikasikia kitu kikigonga mbao. Ilikuwa nyonga yake. Akatoka akaniuliza kama nyumba ina panya. Nikasema panya wapo kila mahali, hata kwa gavana. Akauliza ni panya gani wanaokata kwa mkasi, mstari umenyooka hivi. Mwanamke mwenye heshima habishani kuhusu panya.

Akasema Nadège akienda Banalia angalau godoro lake litapona. Mtu mwenye moyo wa jiwe! Analilia sponji, mimi nalilia mtoto!

Jumatano, 16 Oktoba

Mungu si Adèle. Leo ameniangalia.

Nilikuwa sokoni nikichagua kwanga za jioni, ile mikate ya muhogo inayofungwa kwenye majani. Kila mama anajua kwanga nzuri haichaguliwi kwa macho, inachaguliwa kwa kidole. Unabonyeza. Kidole kinaingia kidogo, halafu muhogo unakisukuma kirudi. Nikabonyeza. Kikarudi. Nikabonyeza tena. Kikarudi! Nikasimama pale katikati ya watu, kidole ndani ya kwanga, nikasikia maneno ya mtoto wangu: kinachobonyea na kurudi. Na kizito! Muuzaji akasema mama, nunua ama toa kidole. Nikanunua.

Nyumbani sikusema kitu kwa mtu. Nikazilaza kwanga juu ya meza, na majani yake, na kamba zake, mbili chini ya bafle ya kushoto, mbili chini ya bafle ya kulia. Juu nikatandika vitambaa vyangu vyeupe vya kufuma. Ikawa kama altare.

Nadège akakaa. Akapiga tangazo lake. Ni tangazo la mawese, mwanaume ana sauti nzito, halafu ngoma, halafu anasema: Mawese ya Mama Safiya, sufuria inacheka! Nimelisikia mpaka naliota.

Meza kimya. Nadège akaweka kiganja juu ya mbao. Kimya! Akainama akaweka shavu. Akapiga tena. Akaniangalia kwa macho makubwa, akaja akanikumbatia, akanishika hivi, kwa nguvu, kama zamani alipokuwa anaogopa radi. Akauliza umeweka nini, Mama? Nikasema ni siri ya mama. Akanisihi. Nikakataa. Siri ni siri.

Akafanya kazi mpaka umeme ukakatika. Anasema sasa anaisikia ngoma jinsi ilivyo. Anasema kesho atamaliza.

Nikaenda bombani kuchota maji ingawa maji yalikuwepo. Adèle alikuwa pale. Nikasema kwa sauti ya kawaida kwamba watu wengine wana akili ambayo haikupita shuleni. Akauliza akili ya nani. Nikasema sitaki kujisifu. Halafu nikajisifu mpaka ndoo ikafurika. Akasema kwao wakihitaji kitu wananunua cha kweli, hawabahatishi. Wivu! Wivu mtupu, hata ndoo iliuona!

Jioni tulikula ugali. Papa Nadège akauliza kwanga ziko wapi. Nikasema soko lilikuwa limekauka.

Alhamisi, 17 Oktoba

Sina ndugu. Naandika hapa ili ijulikane. Zacharie si ndugu yangu tena.

Asubuhi mambo yalikwenda vizuri. Umeme upo, Nadège kafumba macho mbele ya bafle, mkono unakwenda na ngoma. Kulikuwa na sisimizi wachache kwenye mguu wa meza. Nikawafagia. Kulikuwa na harufu kidogo. Nikafungua dirisha. Kila nyumba ina harufu.

Mchana nikaenda kwa mama mmoja wa kwaya kumpa pole. Papa Nadège akarudi kula. Zacharie naye akafika kutoka Isangi na mboto mkubwa, samaki wa mtoni, wakamkaanga wenyewe, wanaume wawili, jiko langu limejaa mafuta mpaka sasa. Nadège alikuwa nje anaongea kwa simu. Samaki yupo, pilipili ipo, kwanga hakuna. Sasa mtu wa mtoni hawezi kula mboto bila kwanga, ni kama kuoga bila maji. Zacharie akanusa. Akasema shemeji, nyumba hii ina kwanga. Akanusa kiti, akanusa kabati, akanusa kompyuta. Akainua kitambaa.

Walizikula! Zote mbili za kushoto! Za kulia waliniachia, ati kwa heshima. Wakairudisha bafle chini na kitambaa juu yake, vizuri kabisa, kama watu wanaofunika kaburi.

Nadège akarudi kwenye kazi. Kulia kunasema kweli, kushoto kunanguruma buu. Akageuza waya. Akageuza kichwa. Mimi naingia namkuta ameshika sikio, machozi yanamtoka, anasema sikio lake la kushoto limeharibika. Mwanangu! Sikio, siku mbili kabla! Nikakimbia jikoni, nikapasha mawese, nikamlaza kwenye mapaja yangu, nikamimina. Mawese ya vuguvugu hayajawahi kumshinda mtu wa ukoo wetu.

Sasa hakusikia kabisa.

Ndipo Nadège, kichwa kimelala upande, akaona chini ya kitambaa kipande cha jani. Akainua. Akaenda upande wa pili, akainua. Akasema: Mama. Kwanga.

Nilikuwa naiangalia bafle ya kushoto, imekaa juu ya mbao tupu. Nikatoka uani. Zacharie alikuwa anachokoa meno. Nikamwambia umekula miguu ya bafle, wewe, bafle uliyoinunua mwenyewe! Akatafuta meno mengine ya kuchokoa. Halafu akasema, yaya, dada yangu mkubwa, hata hivyo ilikuwa imeanza kuchacha.

Imeanza kuchacha! Naye aliimaliza!

Nadège alikaa mchana wote na pamba sikioni. Umeme ukaondoka na yeye hajafanya kitu. Jioni akanishika mkono, akasema kwa sauti ya kubembeleza: Mama, ninajua unanipenda, lakini tafadhali usinisaidie tena. Usinisaidie! Kuniambia mimi!

Papa Nadège amesikia. Amesema kwamba gari za Banalia zinaondoka asubuhi na mapema.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nadège alisema nisimsaidie yeye. Hakusema nisiisaidie meza.

Asubuhi umeme haukuwepo. Sikio limefunguka, Mungu asifiwe, naye akatoka, akasema anakwenda kwa vijana wa toleka, zile teksi za baiskeli, kuwaomba mpira wa ndani wa baiskeli uliochoka, auweke chini ya bafle. Mpira! Wakati ugonjwa ni wa meza! Mtu akisema uongo, unamziba mwenzake masikio ama unamrekebisha yeye?

Nikamwita fundi Asumani. Familia yao ni ya maseremala tangu mababu, hata kiti cha padri walikitengeneza wao, Waislamu, na padri hakuwahi kuanguka. Asumani akaigonga meza kama daktari. Akagonga droo. Akasema mama, hapa ndani ni tupu kama ngoma, nikiongeza ubao mmoja chini itanyamaza. Nikamuuliza lini. Akasema sasa hivi tu. Akaiweka kwenye mkokoteni, akaenda.

Sasa hivi ya fundi! Ningeolewa mara mbili kabla ya sasa hivi ya fundi!

Nadège akarudi na vipande vya mpira mkononi, uso umechangamka. Akasimama mlangoni. Sebuleni kulikuwa na alama za miguu ya meza kwenye sementi, na bafle mbili juu ya kiti, zimefungwa kwenye taulo. Akaziangalia zile alama. Akaenda akakaa chini, katikati ya alama, na mpira wake.

Ningependa apige kelele. Mtoto anayenyamaza anaumiza zaidi.

Nikakimbia mpaka karakana ya Asumani. Imefungwa. Jirani yake akasema leo ni Ijumaa, fundi ameenda msikitini, na kutoka msikitini anapitiliza kwenye harusi ya mpwa wake, atarudi harusi ikiisha. Nikauliza harusi inaisha lini. Akacheka. Nikapiga mlango kwa ngumi. Ndani kitu kikaitikia: buu. Ni yeye! Hata ndani ya giza bado anasema uongo!

Nikarudi kwa miguu, nikilia kidogo pale ambapo hakuna watu wanaonijua. Nimeona Banalia yote: mtoto wangu kwenye mzigo wa gari, kitambaa kichwani, anapunga mkono. Na ni nani amempeleka? Asumani! Zacharie! Sisimizi! Kila mtu!

Jumamosi, 19 Oktoba

Umeme upo tangu asubuhi. Meza hakuna. Jioni ndiyo mwisho.

Nikavuta kiti mbele ya Nadège, nikakaa, nikanyoosha kitenge, nikamwambia lete. Akauliza nini. Nikasema bafle, lete hapa, juu ya mapaja. Nyama hii Mungu hakuiweka bure. Inabonyea na inarudi. Ubishe!

Alichoka kubisha. Akaniwekea ya kushoto. Akapiga. Akakunja uso, akapiga tena, akasema, eh, si mbaya. Si mbaya! Lakini bafle ni mbili na mama ni mmoja. Mapaja ya Papa Nadège ni mifupa mitupu, ukiweka bafle pale ni kama kuiweka juu ya ngazi.

Ndipo Adèle akabisha hodi. Alikuja kuuliza kwa nini leo ukuta umenyamaza, kuna mgonjwa? Nikaona macho ya mtoto wangu yakishuka polepole kutoka uso wa Adèle mpaka mapaja ya Adèle. Nikataka kufa. Nadège akamwambia, Mama Chancelle, tafadhali, ukae hapa kidogo.

Alikaa kama anakaa kwenye kiti cha rais. Akapewa ya kulia.

Amri zilikuwa mbili: tusisogee na tusiseme. Mimi na Adèle, ana kwa ana, mdomo umefungwa! Akaangalia mapazia yangu, akainua nyusi. Nikaangalia ndala zake, nikainua zangu. Akaangalia dari. Nikaangalia visigino vyake. Tulitukanana vizuri sana, na Nadège hakusikia kitu. Alituomba tu tupunguze kupumua, maana ngoma ilikuwa inapanda na kushuka pamoja nasi.

Halafu yule mwanaume akasema sufuria inacheka. Adèle hakuwahi kulisikia kwa karibu. Akaangua kicheko! Bafle ikaruka! Nikamwambia, wewe, shika mtoto wa watu! Akasema ni yangu ndiyo inayotikisika, kwamba paja langu la kushoto lina baridi yabisi na mtaa mzima unajua. Nikamgeukia. Akanigeukia. Bafle nazo zikatazamana, zikaanza kupigiana ngoma usoni, na Nadège yuko katikati hasikii hata moja.

Mtoto wangu ana adabu. Alisimama, akatushukuru sana, akachukua bafle zake. Akasema kazi karibu imekwisha, anahitaji kitu kimoja tu: uzi wa bluu, bluu ambayo si bluu sana, na unapatikana soko kuu peke yake. Akasema ni vizuri tukachague watu wawili.

Tukaenda. Tulipita kila kibanda. Kuna bluu ya shule, kuna bluu ya Bikira Maria, kuna bluu ya polisi. Bluu ambayo si bluu sana hakuna. Adèle akasema mtoto huyu anajua anachotaka. Nikasema ametoka kwangu. Jua likaanza kushuka ndipo tukachukua wa kijani.

Kurudi, tukamkuta chini kwenye mkeka! Masikini! Ameleta matofali ya jiko letu jipya ambalo halijaisha kujengwa, ameyapanga safu mbili katikati ya sebule, mbali na ukuta, juu ya matofali vipande vya mpira wa toleka, juu ya mpira bafle, zinamtazama masikioni. Kompyuta juu ya magoti. Macho amefumba, anatabasamu peke yake.

Nilisikia uchungu. Mama zake hawapo, amejitafutia msaada kwa mawe! Kwa bahati nzuri kazi kubwa ilikuwa imekwisha kwenye mapaja yetu. Nikamnong'oneza Adèle hivyo. Akakubali. Ni mara ya kwanza tunakubaliana tangu alipohamia.

Papa Nadège akasema kwamba tangu tulipoondoka mtoto amefanya kazi vizuri ajabu, nyumba ilikuwa kimya. Nikamuuliza nani amemuuliza.

Nadège akalipeleka tangazo kabla ya giza. Uzi hakuukumbuka hata kuuomba. Watoto!

Jumapili, 20 Oktoba

AMEPATA! AMEPATA! AMEPATA!

Monsieur Mahmoudi alipiga simu tukitoka misa. Amelisikiliza tangazo pale redio, amelisikiliza ndani ya gari, amelisikiliza kwenye simu ndogo ya mlinzi, na kila mahali lina tumbo. Nadège ataanza kesho kutwa. Nikapiga vigelegele mpaka shemasi akatoka kuangalia. Papa Nadège alijifuta macho, akasema ni vumbi. Vumbi gani, mvua imenyesha asubuhi! Akasema pia kwamba Fanny wa Banalia atajihangaikia mwenyewe, ana mikono. Nikamsamehe yote. Nikaahidi kumrudishia godoro.

Ningekuwa na furaha kamili kama si Adèle.

Nageuka, namwona katikati ya mama wa kwaya, anawaeleza. Ati Nadège amepata kazi kwa paja lake la kulia! Ati pale ndipo ngoma ilipokaa! Mama mmoja akainama akaligusa, ndiyo, akaligusa paja la Adèle kama sanduku la masalia ya mtakatifu, akamuombea mwanawe asiyepata kazi. Halafu mwingine. Wakapanga mstari!

Mimi niliyeshika ya kushoto! Mimi niliyemzaa! Nikawaambia kwa upole kwamba sauti ya mwanaume yote ilitoka kushoto. Hakuna aliyenigusa. Mmoja tu aliuliza kama kweli nina baridi yabisi.

Jumanne, 22 Oktoba

Leo ni siku yake ya kwanza. Alivaa blauzi niliyoipiga pasi mara nne. Mwezi huu wanamjaribu bado, kwa hiyo jioni atafanya kazi nyumbani pia, na kuipeleka redio kila asubuhi. Mlangoni alinishika mabega yote mawili, akasema Mama, kitu kimoja tu nakuomba duniani, usiguse bafle. Usiguse hata kidogo. Nikaapa. Niliapa kwa jina la marehemu mama yangu, mkono juu, na Papa Nadège ni shahidi.

Na mimi neno langu ni neno.

Lakini niseme ukweli. Mtoto wa redio, anayejulikana sasa na chef, anatandika mkeka na kukaa mbele ya matofali kama anayeuza karanga! Wageni watakuja kupongeza. Wataona matofali, tena yana tope. Watasema mama yake alikuwa wapi? Na vumbi la chini je? Na mgongo wake? Meza bado iko kwa Asumani, ubao anao, msumari hana.

Sasa, ndani ya nyumba hii kuna kitu kimoja kizito, kirefu, cheupe, kisicho na droo, na hakijawahi kusema uongo. Frigo, friji yetu. Papa Nadège aliinunua ya mtumba, wanaume watatu waliibeba. Tofali ni nini mbele ya frigo? Na mpira wa baiskeli nimeutupa, ulikuwa unachafua.

Sikuzigusa bafle. Naandika hapa na Mungu anaona. Nilimwita Adèle. Nilimweleza kwamba kwa kuwa paja lake linajulikana mtaa mzima, labda mikono yake nayo ina kitu. Akaja mbio. Akapanda kiti, akazibeba, moja moja, akaziweka juu. Mimi nilimshika Adèle kiunoni tu, asianguke.

Zinapendeza! Zinaonekana tangu barabarani.

Umeme umerudi sasa hivi. Frigo imeanza kunguruma vizuri, kwa nguvu kama zamani, na bafle zote mbili zimeanza kutingisha mabega polepole. Hata Adèle amesema: angalia, zimezoea.